Kuotesha mndimu kwa mbegu hapo hapo nyumbani

Wengi waliogomewa na mbegu za ndimu ukiwauliza walizifanyaje wanakwambia nilizianika kwanza juani kama mahindi vile, hapo ndo ushaziua. Mbegu ya ndimu haitaki kukauka kabisa, ukiitoa leo ipande leo au kesho.

Tafuta ndimu iliyoiva mpaka ikawa njano, zile zinazodondoka zenyewe. Kata taratibu kisu kisije kikapasua mbegu, afu zioshe mpaka ule utelezi uishe maana ndo unaoleta ukungu. Mi nazilowekaga usiku mmoja, na nikiwa na muda namenya lile ganda gumu kwa kucha, zinawahi kuota.

Kopo lolote linafaa, la rangi, la maziwa, ila litoboe chini. Udongo changanya na mchanga na samadi iliyooza sawasawa, mbichi itaunguza mizizi. Fukia kama sentimita moja na nusu, weka penye joto na kivuli, udongo uwe na unyevu ila usiwe tope. Subiri wiki mbili mpaka nne.

Sasa hapa ndo napapenda mno, mbegu moja inaweza kutoa miche miwili hata mitatu pamoja, usidhani ulikosea kuhesabu. Mingi inakuwa sawa kabisa na mti mama, ndo maana ndimu ya mbegu inakuletea ndimu ileile uliyoila bila kubebesha, yaani bila kuunganishia mche kijiti cha mti mwingine. Ile iliyodumaa ng'oa, acha ulionyooka wenye nguvu.

Ukifikisha majani sita hivi hamishia kwenye ndoo kubwa, uzoeshe jua kidogo kidogo. Na kila asubuhi kagua majani tafadhali, utakuta kitu kama kinyesi cha ndege kimekaa juu ya jani, cheusi kina baka jeupe, ukikigusa kinatoa vipembe viwili vyenye harufu kali. Huyo ni kiwavi, akikua anakuwa wa kijani na hapo wawili tu wanaumaliza mche ukabaki kijiti. Toa kwa mkono, dawa ya nini kwa mche mmoja.

Matunda ni miaka mitatu mpaka sita, na miiba ya mti wa mbegu ni mirefu kweli, kwahiyo ndoo usiiweke njiani watoto wanapokimbilia. Maua ya kwanza mengi yatapukutika, endelea kumwagilia tu.