Kuunganisha simu za waya za hoteli na mtandao wa SIP

Kama hoteli yako Moshi au Arusha ina simu za waya mbili vyumbani, usizitupe. Geitiwei moja, yaani kifaa kinachounganisha simu za kawaida na intaneti, itatafsiri ishara zake kuwa SIP, lugha ya kupiga simu kupitia intaneti.

Kagua matundu ya geitiwei kwanza. Tundu la FXS hutoa umeme na mlio, kwa hiyo huchomekwa simu ya chumbani. Tundu la FXO hupokea laini ya nje, ya kampuni ya simu. Laini hai ina takribani volti 48, na inapoita hupanda hadi 90 hivi. Ukiiingiza kwenye FXS unaweza kuunguza kifaa, basi pima kwa mita.

Kwenye geitiwei, weka anwani ya seva ya SIP, jina, nenosiri na poti 5060. Kisha andika kanuni ya kupiga: tarakimu 10 zinazoanza na 0, toa 0, weka 255, 027 ya huku kwetu inakuwa 25527. Bila kanuni hiyo kifaa hakijui namba imeisha, husubiri sekunde kadhaa, na mgeni hudhani simu ni mbovu.

Kinachosumbua zaidi ni simu kuunganika huku upande mmoja hausikii. SIP hubeba ishara za kuanzisha na kukata simu tu. Sauti hupita kwa RTP, njia yake ya pekee, kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya ujumbe wa SIP, na mara nyingi hiyo ni anwani ya ndani isiyofikika kutoka nje. Zima SIP ALG kwenye ruta, kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP, kwani huuharibu, kisha washa STUN kwenye geitiwei, ili ijue anwani yake ya nje.

Intaneti ikiwa finyu tumia G.729, mfumo wa kubana sauti, ila vibonyezo vitumwe kwa RFC 2833, yaani kando na sauti, la sivyo menyu za benki hazitavitambua.