Kumtambua Malkia wa Sisimizi Baada ya Mvua: Mwongozo kwa Mfugaji Anayeanza

Mvua za kwanza za masika au za vuli zikishanyesha, wadudu wenye mabawa hutoka ardhini kwa wingi, na mtu anayetaka kuanza kufuga sisimizi hushawishika kumkamata kila anayetambaa barazani. Wengi wa wadudu hao si sisimizi hata kidogo, na miongoni mwa walio sisimizi wamo madume, ambao hufa punde baada ya kuruka na hawaanzishi kundi lolote. Uchambuzi uanzie kiunoni na kwenye vipapasio. Rangi na ukubwa huja mwisho, kwa sababu ndivyo vinavyodanganya zaidi.

Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, ndio wanaowachanganya wengi. Mabawa yao manne yanalingana kwa urefu, vipapasio vyao vimenyooka kama uzi wa shanga, na mwili wao haukubanwa katikati. Sisimizi ana mabawa ya mbele makubwa kuliko ya nyuma, vipapasio vyake vimekunjika kwa pembe, na baina ya kifua na tumbo ana kiuno chembamba chenye kinundu kimoja au viwili. Hata aliyekwisha kuangusha mabawa hutambulika: kumbikumbi hubaki na vipande vifupi vya mabawa mgongoni, ilhali malkia wa sisimizi hubaki na makovu tu kwenye pande za kifua.

Kifua ndicho kinachomtofautisha malkia na mfanyakazi mkubwa. Cha malkia kimetuna na kugawanyika katika vipande vinavyoonekana wazi, kwa kuwa kilibeba misuli ya kurukia. Cha mfanyakazi ni chembamba, hata awe na kichwa kikubwa namna gani. Dume naye ana kifua kilichotuna, lakini kichwa chake ni kidogo, macho yake ni makubwa, tumbo lake ni jembamba, na mkunjo wa vipapasio vyake hauonekani vizuri. Zipo jamii, hasa zile za nusu-familia ya Ponerinae, ambazo malkia wake hufanana sana na wafanyakazi, na huko anayeanza atahitaji lenzi na subira.

Siafu wana mambo yao. Yule mdudu mkubwa wa kahawia, mwenye tumbo nene kama soseji, anayeigonga taa usiku na kudhaniwa kuwa nyigu, mara nyingi ni dume la siafu. Malkia wa siafu hana mabawa wala haruki kamwe, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta baada ya mvua. Na kwa maoni yangu, kundi linaloishi kwa kuhama na kuwinda kwa pamoja halifai kuwekwa kwenye kasha la mtu yeyote.

Wapo pia waigaji. Kwenye mashina ya kunde huonekana wadudu wachanga wanaofanana kabisa na sisimizi, lakini wana mrija wa kufyonzea mahali pa taya. Buibui wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Myrmarachne huinua miguu ya mbele ili ionekane kama vipapasio. Hesabu miguu, utapata minane. Mwenye manyoya mafupi, asiye na mabawa, na anayekimbia peke yake juani huenda akawa nyigu jike wa familia ya Mutillidae, ambaye uchungu wa mwiba wake hausahauliki. Usimshike kwa vidole.

Ukisharidhika kwamba ni malkia wa sisimizi, hesabu vinundu vya kiuno. Malkia wa jenasi ya Camponotus ana kimoja na hana mwiba. Wa jenasi za Messor, Pheidole na Crematogaster wana viwili, na Crematogaster hujulikana kwa tumbo lenye umbo la moyo ambalo huwezi kulichanganya na jingine. Piga picha tatu: uso ukiwa mbele, ubavu, na mgongo kutoka juu. Picha ya ubavu ndiyo yenye thamani kubwa, kwani ndiyo inayoonyesha kiuno. Kufika kwenye jenasi kunamtosha anayeanza. Jina la spishi lililokisiwa kwa rangi lina hasara kubwa kuliko faida.

Kutambua hakumpi mtu ruhusa ya kuchukua. Nchini Kenya, mwaka 2025, vijana wawili raia wa Ubelgiji walikutwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya mirija, wakiwemo wa Messor cephalotes, sisimizi wavunaji wa mbegu za nyasi, na mahakama ya Nairobi ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Uliza kwanza mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako, na usipopata kibali, bakia na picha.

Mwenye kibali amweke malkia kwenye mrija wenye maji yaliyozuiwa kwa pamba, gizani, bila kumsumbua. Camponotus na Messor hulea uzao wa kwanza kwa akiba ya mwili wao bila kula. Wafanyakazi wakitoka, rudia utambuzi kwa kutumia wao, kwani maelezo mengi ya spishi yameandikwa kwa kuwatazama wafanyakazi; ila usiwapime urefu, kwa sababu wa kwanza huzaliwa wadogo kuliko watakaowafuata.