Mwanaume, ukishafunga kizazi jikague hivi

Nilifunga kizazi mwezi wa tano, baada ya mtoto wa sita. Huku Mtama, mkoani Lindi, mwezi huo hakuna gunia la korosho la kubeba, na ndiyo maana niliuchagua. Nawe usinyanyue kitu kizito wiki ya kwanza, na vaa chupi ya kubana usiku na mchana.

Kama siku ya ishirini hivi, naoga, nikagusa kinundu juu ya korodani ya kushoto, ukubwa wa punje ya kunde. Nikajua basi, kansa. Daktari aliponishika akatabasamu tu.

Mrija wa kupitisha mbegu umekatwa, ila korodani hazina habari, zinaendelea kutengeneza mbegu kila siku. Zikikosa njia zinazeeka, chembe za kinga zinazila. Nyingine huvuja pale palipokatwa, kinga inazizingira, panakuwa kinundu. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, tena nyuma ya uzio wake, kwa hiyo askari wa mwili hawajawahi kuzizoea. Wakikutana nazo wanaziona wageni, wanaziundia kingamwili, yaani protini za kuzinasa. Zaidi ya nusu ya wanaume waliofunga wana kingamwili hizo. Hazimletei mtu ugonjwa wala hazipunguzi nguvu za kiume. Mwaka 1978 majaribio ya nyani huko Marekani yalizua hofu kwamba kufunga kizazi kunadhuru mishipa ya moyo. Wanaume maelfu wakafuatiliwa baadaye, hofu haikuthibitika. Kingamwili hizo zinaweza kukusumbua ukitaka kuzibuliwa upate mtoto, maana zinazikamata mbegu. Kwa hiyo usifunge huku moyoni unawaza kufungua.

Kujikagua: maji ya uvuguvugu, kidole gumba na cha shahada, viringisha taratibu, mara moja kwa mwezi yatosha. Mimi nilikibinya kila siku kikazidi kuuma, ujinga wangu. Kinundu kidogo kisichokua kiache. Homa, usaha, uvimbe unaoongezeka, au kigumu kilichoota kwenye korodani yenyewe: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kondomu ni lazima mpaka upimwe shahawa, kama miezi mitatu hivi, maana mbegu za zamani bado zimo njiani. Sampuli haitakiwi ichelewe wala ipoe, na kutoka Mtama hadi Lindi mjini si karibu. Nikatolea hukohuko, kwenye choo cha hospitali, na mtu anagonga mlango, "Mzee, bado?"