Kijana wenu akianza dawa za saratani: tulivyojipanga sisi wa Arusha

Daktari atakapotaja jina la ugonjwa, kijana awepo chumbani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mengine yote nitakayoandika hapa. Mtoto wa miaka 15 ana simu, anajua kusoma, na anamsoma mama yake usoni kuliko anavyosoma vitabu. Mkimficha, atalitafuta jina hilo mtandaoni usiku akiwa peke yake, na kuanzia hapo hatawaamini tena. Kijana wetu alilisikia kwa masikio yake pale hospitali ya KCMC, Moshi: limfoma ya Hodgkin, saratani ya matezi. Akauliza hapo hapo, "Nitakufa?" Daktari akamgeukia yeye, hakunijibu mimi. Akamwambia hii ni kati ya saratani zinazopona vizuri kwa vijana, ila dawa zimalizwe zote. Mimi na mama yake tusingeweza kutunga maneno ya kumtuliza kama yale.

Kama bado hamjafika hapo, na mtoto ana tezi shingoni lisilouma na lisilopungua, anakonda, anaamka usiku shuka limelowa jasho, ombeni akatwe kinyama kikapimwe. Kifua kikuu nacho huvimbisha matezi, kwa hiyo wengi huanzishiwa dawa zake kwanza. Kwetu ilikuwa hivyo, kwenye kituo kimoja ambacho hakikupima kinyama chochote, na tezi likaendelea kukua huku tukimeza vidonge.

Mnunulieni daftari, akae nalo mwenyewe. Ndani aandike jina la kila dawa, tarehe, majibu ya damu na maswali yake. Mwili ni wake. Mzazi akilishika yeye, kijana anabaki mzigo unaobebwa kutoka benchi hadi benchi. Maswali yetu ya mwanzo yalikuwa haya: mizunguko mingapi ya dawa? Dawa zinatolewa siku zipi? Wa kwetu alipangiwa dripu siku ya 1 na ya 15 ya kila mzunguko wa siku 28. Je, mionzi itahitajika, na itafanyikia wapi? Liulizeni hilo mapema, kwa sababu kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa huku kaskazini walipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na safari ya Dar inahitaji fedha na mtu wa kukaa naye. Swali jingine huwapa wazazi aibu: je, dawa hizi zitagusa uwezo wake wa kupata watoto? Liulizwe kabla ya dripu ya kwanza. Kisha baba na mama mtoke nje kidogo, mumwache na daktari. Kuna mambo kijana hatayasema mbele yenu hata mkimbembeleza.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Ukiwa na ndugu Moshi, laleni kwake usiku wa kuamkia dripu, kwa sababu damu hupimwa kwanza, na majibu ndiyo yanayoamua kama dawa itatolewa siku hiyo au itaahirishwa. Wakati wa kurudi tulimkalisha dirishani kwenye kosta, mfuko wa plastiki mkononi, sweta hata kama nje kuna jua. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kwa saa yake. Kichefuchefu kikishapanda, mnakuwa mmechelewa.

Sasa ile dawa nyekundu. Inaitwa doksorubisini, na inaingia mshipani ikiwa na rangi kama ya soda. Mwambieni kabla kwamba mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili, na kwamba hiyo si damu. La pili ni la hatari zaidi: dawa hii ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Vijana wetu wa kiume wamelelewa kuvumilia. Niliona mtoto wangu ameuma mdomo, jicho liko kwenye mkono, kidole cha mkono wa pili kinagonga ukingo wa kitanda. Nikamuuliza, akasema, "Kawaida tu, baba." Nikamwita nesi, akasimamisha dripu, akaangalia, akahamishia sindano mkono mwingine. Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba mkono ukiwasha, ukiuma au ukivimba, anasema kwa sauti, na si utoto kusema. Mkubaliane hivyo na wa kwenu kabla hajakaa kwenye kiti.

Nyumbani, nunueni kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote. Dawa zinashusha chembe nyeupe za damu, na kwa kawaida siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu ndipo zinapokuwa chini zaidi. Joto likifika 38, au akianza kutetemeka kwa baridi, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Msimpe Panadol mkasubiri hadi asubuhi, maana itashusha joto huku maambukizi yanaendelea. Msiende duka la dawa kununua mseto kwa kudhani ni malaria. Sisi tulikuwa na makubaliano na kijana wa bajaji wa mtaani kwamba nikimpigia usiku anakuja bila maswali, na nauli yake ilikaa kwenye bahasha isiyoguswa hata unga ukiisha. Ndani ya bahasha hiyo hiyo kulikuwa na nakala ya barua ya hospitali inayosema anatumia dawa za saratani. Mkifika mapokezi, itoeni kwanza, msikae foleni kimya.

Chakula kilitusumbua. Ugali aliukataa, na harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimtoa nje. Kilichopita ni mtori, mwepesi, wa vuguvugu, kikombe kidogo kila baada ya muda. Mama yake aliupikia jikoni kwa jirani ili harufu isimfikie. Kijiko cha bati kilimpa ladha ya chuma mdomoni, tukampa cha mbao. Maziwa yachemshwe, mayai yaive kabisa, kachumbari isubiri. Ndizi, parachichi na machungwa ni salama zaidi kwa sababu unamenya. Vidonda vya mdomo vikitokea, asukutue kwa maji ya chumvi mara nyingi kwa siku, na mswaki uwe laini.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu wageni walileta mkaa, mchele na nauli ambavyo sisi hatukuwa navyo. Jumuiya ilikuja kusali. Viti tulivipanga nje chini ya mparachichi, maji na sabuni vikawekwa getini, na mwenye mafua aliombwa asalie kwake. Hakuna aliyenuna. Ila jambo moja nilikataa kabisa: picha. Ndugu walitaka kurusha picha yake akiwa kitandani kwenye magrupu ya WhatsApp ili mchango uende haraka. Mtoto wa miaka 15 hataki wenzake wa darasani wamwone hivyo, na ana haki hiyo. Michango ilikuja bila picha, ikakusanywa na shangazi yake mmoja anayeaminika, akiandika kila shilingi. Fedha zikikwama, nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Watu watawaambia habari za nywele. Kwa mwanafunzi wa sekondari kichwa kilichonyolewa ndiyo hali ya kila siku, kwa hiyo upara haukumgusa. Nyusi ndizo zilizomuuma. Zilipopungua alianza kuvaa kofia hadi machoni, na aliyemsaidia ni rafiki yake wa darasani aliyekuja kila Jumamosi na madaftari, wakacheza gemu kwenye simu bila kutaja ugonjwa. Mtafuteni rafiki wa namna hiyo na mmpe nauli. Shuleni mwoneni mwalimu wa taaluma mkiwa na barua ya daktari. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili hufanyika karibu na mwisho wa mwaka, na kama mwili hauruhusu, kurudia mwaka si aibu. Mwacheni kijana achague mwenyewe baada ya kuelezwa.

Hatari kubwa inakuja pale anapoonekana amepona. Matezi yanaweza kupotea baada ya mizunguko michache tu. Ndipo mtu anasema inatosha, mnamtesa mtoto, kuna mzee ana dawa ya mizizi. Mwaka 2011 nilishuhudia majirani wakipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Siwabezi, mgonjwa hushika lolote. Lakini tezi kupotea si ugonjwa kuisha, na dawa za mitishamba zinaweza kugongana na dripu au kuumiza ini. Kama mmeshampa kitu, mwambieni daktari wazi. Dripu ya mwisho ni muhimu sawa na ya kwanza.

Akimaliza, ombeni karatasi yenye majina ya dawa zote na jumla ya kiasi alichopewa. Doksorubisini ina kiasi ambacho mtu hapaswi kukizidisha maishani mwake, kwa sababu inaweza kuumiza moyo, na bleomisini, mwenzake katika matibabu haya, inagusa mapafu, kwa hiyo daktari yeyote atakayemfanyia upasuaji akiwa mtu mzima lazima ajue. Pigeni picha karatasi hiyo, moja ikae kwenye simu yake, nyingine kwenye ya mzazi. Tarehe za kliniki za kurudi ziandikwe pembeni, na nauli ya Moshi itengwe kabla ya kila tarehe.