Jinsi ya Kuiadhimisha Diwali kwa Kuwatendea Wengine Wema

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, huangukia usiku usio na mwezi, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na kwa kawaida shamrashamra zake huchukua siku 5. Anayetaka kuiadhimisha kwa kuwafaa wenzake asingoje usiku wa taa, bali aanze siku kadhaa kabla, nyumba inaposafishwa ili kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Unapopangua kabati, tenga nguo na vyombo vilivyo vizima, uvifue na kuvisafisha kana kwamba unampelekea ndugu yako. Kilichochakaa kisiwe zawadi ya mtu.

Sura ya 17 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inagawa utoaji katika aina 3: kumpa asiyeweza kukulipa, kwa kuwa ni wajibu, mahali na wakati unaofaa; kutoa kwa kutazamia fadhila au kwa shingo upande; na kutoa kwa dharau. Kwa hiyo muulize mwenyewe anahitaji nini, mpelekee mapema ili naye apate kuiandaa sikukuu yake, wala usimpige picha akipokea. Picha hiyo, kwa maoni yangu, huishusha zawadi kutoka aina ya kwanza hadi ya pili.

Siku inayofuata ibada ya Lakshmi ya usiku wa taa, mara nyingi, huwa ya Annakut, ambapo vyakula vingi visivyo na nyama hupangwa kama mlima mbele ya mungu Krishna, kisha hugawiwa watu kama prasad, yaani chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu. Hapo ndipo pepesi pa kuanzia: pika zaidi ya mahitaji ya nyumba yako, ukawapelekee majirani wa dini yoyote, huku ukiwaeleza wazi chakula kipi kina maziwa, samli au karanga. Mwenye kisukari mpelekee matunda kiasi badala ya vitamutamu, asije akalazimika kukataa mkono wako.

Kuhusu fataki, wema mkubwa huenda ukawa kuziacha kabisa, kwani mlio wake huwatia hofu mbwa na watoto wachanga, na moshi wake huwabana wenye pumu. Ukishindwa kuziacha, wajulishe majirani saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha uishike ahadi hiyo.

Anayekufanyia kazi za nyumbani mpe mapumziko yenye malipo kabla ya sikukuu, si baada ya vyombo kuoshwa.

Siku ya mwisho ni Bhai Dooj, ambapo dada humpaka kaka yake alama ya tilak kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Ikiwa unamfahamu mzee aishiye peke yake, ambaye ndugu zake wamekufa au wako mbali, omba ruhusa umtembelee siku hiyo. Chukua taa ya udongo, iwashe mbali na mapazia, na ukae naye mpaka mafuta yaishe.