Jinsi ya Kumpata na Kumwajiri Msemaji wa Banda la Maonyesho Nchini Uganda

Kila yanapokaribia maonyesho ya kimataifa ya biashara ambayo Chama cha Wenye Viwanda cha Uganda, UMA, huandaa katika viwanja vya Lugogo jijini Kampala, wafanyabiashara wengi hutumia fedha nyingi kulipia nafasi, kuchapisha mabango na kupamba banda, na siku mbili kabla ya ufunguzi ndipo wanapokumbuka kwamba hawana mtu wa kusimama mbele na kuzungumza na wageni. Hapo huitwa mpwa wa mwenye kampuni, au kijana yeyote mwenye sura ya kupendeza, akavishwa fulana yenye nembo na kuambiwa agawe vipeperushi. Wageni huvipokea kwa heshima na kuendelea na safari yao. Kwa kuwa maonyesho ya Lugogo huwa mwezi wa Oktoba, nakushauri uanze kumtafuta msemaji mwezi wa Julai, kwa maana walio hodari huchukuliwa mapema.

Kabla ya kumtafuta mtu, amua unataka afanye kazi gani, kwa sababu katika banda kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Mkaribishaji huwasalimu wageni na kuwaelekeza. Mshereheshaji huvuta umati kwa kipaza sauti, muziki na zawadi. Msemaji wa banda ndiye anayemsimamisha mpita njia, akamwuliza shida yake, akamwonyesha bidhaa ikifanya kazi, akajibu maswali, kisha akamkabidhi kwa mwuzaji wako akiwa tayari kuzungumzia bei. Tofauti hii niliijua kwa hasara. Mwaka mmoja tulipeleka vipima unyevu wa nafaka na mifuko isiyopitisha hewa kwenye maonyesho ya kilimo ya Jinja, tukamwajiri mshereheshaji wa harusi mwenye jina kubwa. Umati ulijaa tangu asubuhi, lakini mama mmoja mkulima alipouliza kama kipima kile kinasoma maharagwe sawasawa na mahindi, alipewa kipeperushi akaondoka. Jioni daftari la oda lilikuwa karibu tupu. Yule bwana alifanya kwa uaminifu kazi aliyoizoea. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukumweleza kazi tuliyoihitaji.

Mahali pazuri zaidi pa kumtafuta msemaji ni kwenye maonyesho yenyewe, mwaka mmoja kabla. Tembea kati ya mabanda saa tisa alasiri, wakati watu wamechoka na jua ni kali, uangalie ni nani bado anazungumza na mgeni mmoja mmoja kwa subira, kisha uombe namba yake. Ukikosa nafasi hiyo, waulize wenye mabanda wasio washindani wako. Watangazaji wa redio za FM, waigizaji wanaofanya kazi katika Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala, na wahitimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Makerere wana sauti iliyofunzwa na hawaogopi watu. Wapo pia mawakala wa matukio wanaoleta wasemaji kwa malipo ya juu kidogo. Faida yao ni kwamba msemaji akiugua wanaweza kukuletea mwingine, lakini sisitiza kukutana na mtu mwenyewe kabla ya kukubali, wala usichague kwa picha. Ikiwa bidhaa yako ni ya kitaalamu, usimsahau mwalimu au bwana shamba mwenye kipaji cha kusema, kwani mara nyingi ni rahisi kumfundisha mjuzi namna ya kushika kipaza sauti kuliko kumfundisha msemaji hodari elimu ya miaka mingi.

Suala la lugha linastahili kufikiriwa kwa makini. Lugogo utahitaji Kiganda na Kiingereza. Jinja ongeza Kisoga. Kiswahili ndicho kitakachokuunganisha na wanunuzi kutoka Kenya, Tanzania, mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini, pamoja na Waganda wengi wa mikoa ya kaskazini na mashariki. Hata hivyo, wapo Waganda wa umri mkubwa ambao Kiswahili walikisikia kwanza kama lugha ya amri za askari, na kwao sauti kali huamsha kumbukumbu zisizopendeza. Kwa hiyo tafuta mtu anayekisema kwa upole na kwa adabu, anayejua kumwita mgeni mzee au mama, na anayeweza kuhamia kwenye ssebo na nnyabo, yaani bwana na bibi kwa Kiganda, mara tu anapotambua kwamba amekutana na msemaji wa Kiganda.

Ukishapata watu watatu au wanne, usiwaajiri kwa mazungumzo peke yake. Mpe kila mmoja ukurasa mmoja wa maelezo ya bidhaa, umpe siku tatu, kisha umwalike dukani aionyeshe kwa dakika tano mbele ya wafanyakazi wako. Uliza swali jepesi, swali gumu, na swali ambalo una hakika halijui. Hili la tatu ndilo ninalolitegemea kuliko mengine yote. Kwa upande wetu, kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na wafanyabiashara wa nafaka bado wanakumbuka Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Mtu wa namna hiyo akiuliza kama kipima unyevu kinaweza kugundua sumukuvu, jibu sahihi ni hapana: kinapima unyevu tu, na sumukuvu huhitaji kipimo chake. Msemaji anayebuni jibu ili aonekane mjuzi atakuuzia kipima kimoja leo na kukuharibia jina kesho. Anayesema, “Ngoja nimwulize mtaalamu wetu aliye hapa nyuma,” huyo mchukue.

Katika jaribio hilo hilo, mzimie kipaza sauti ghafla uone kama anaendelea. Kisha wapigie simu watu wawili aliowafanyia kazi, uwaulize alikuwaje siku ya tatu mchana, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu huwa mzuri.

Mkikubaliana, andikeni. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi, na malipo ya siku kadhaa hufika hapo upesi. Taja tarehe, saa za kazi na za kupumzika, siku ya mazoezi ambayo nayo ilipwe, nauli, chakula, na malazi kama kazi iko nje ya mji wake. Andika kwamba hatamsemea mshindani wako katika maonyesho hayo, na kama picha zake zitatumika baadaye, sema kwa muda gani. Mavazi mkubaliane pamoja. Ikiwa msemaji ni mwanamke, mwenye banda ana wajibu wa kumlinda dhidi ya wageni wasio na adabu na kuhakikisha anafika nyumbani salama usiku.

Kodi izungumzwe mapema. Ikiwa kampuni yako imeteuliwa na Mamlaka ya Mapato, URA, kuwa wakala wa kuzuia kodi, yaani kuikata kwenye malipo na kuipeleka URA, malipo ya huduma yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mkazi wa Uganda hukatwa asilimia 6, isipokuwa kama ana msamaha. Katika shilingi 2,000,000 utazuia 120,000, nawe umpe cheti ili kiasi hicho kihesabiwe katika kodi yake. Asiyeambiwa haya mwanzoni hudhani amedhulumiwa. Mimi hulipa nusu siku ya kutia saini na nusu jioni ya mwisho, kwa benki au kwa pesa za simu, ili kumbukumbu ibaki.

Sauti ya binadamu haivumilii saa nane mfululizo kando ya spika za majirani. Panga aonyeshe bidhaa kwa dakika saba au nane kila nusu saa, na kwa maonyesho ya wiki nzima waajiri wasemaji wawili wapokezane. Wafundishe pia namna ya kuandika majina na namba za wageni: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mgeni aelezwe namba yake itatumika kwa kazi gani na aridhie kabla haijaandikwa.

Kila jioni kaeni robo saa na msemaji wako, aeleze maswali yaliyorudiwa na mahali wageni walipoondoka, kisha mrekebishe maelezo ya kesho. Maswali hayo yaandikwe kwenye daftari linalobaki bandani, na siku ya mwisho, kabla ya kumlipa nusu iliyobaki, lipitieni pamoja ukurasa kwa ukurasa, wakati bado anawakumbuka wageni waliouliza.