Somo: Kutafuta eneo chini ya grafu ya saini kwa intigrali

Tutatafuta eneo lililo kati ya grafu ya y = sin 2x na mhimili wa x, kuanzia x = 0 hadi x = 3π/4, pembe zote zikiwa katika radiani.

Hatua ya 1. Tafuta kwanza grafu inakata mhimili wapi. Thamani ya sin 2x ni sifuri pale 2x inapokuwa 0, π, 2π na kuendelea, kwa hiyo ndani ya mipaka yetu grafu inaukata mhimili penye x = 0 na x = π/2. Naomba hatua hii isirukwe kamwe, kwa sababu intigrali huihesabu sehemu iliyo chini ya mhimili kuwa hasi, ilhali eneo halisi haliwezi kuwa hasi.

Hatua ya 2. Intigrali ya sin 2x ni −½ cos 2x. Ile nusu inatokana na 2 inayozidisha x.

Hatua ya 3. Kokotoa kila sehemu peke yake.
Kutoka 0 hadi π/2: −½(cos π − cos 0) = −½(−1 − 1) = 1.
Kutoka π/2 hadi 3π/4: −½(cos 3π/2 − cos π) = −½(0 + 1) = −½.

Hatua ya 4. Ondoa alama ya hasi katika sehemu ya pili, kisha jumlisha: 1 + ½ = vizio vya eneo 1.5. Aliyekokotoa moja kwa moja kutoka 0 hadi 3π/4 atapata 0.5, kwa kuwa sehemu ya chini imepunguza ile ya juu.

Swali: Nitajuaje kwamba 1 ya sehemu ya kwanza ni sahihi?
Jibu: Tao hilo linaingia ndani ya mstatili wenye upana π/2 na kimo 1, ambao eneo lake ni takriban 1.57, nalo linaifunika pembetatu yenye kitako na kimo hichohicho, ambayo eneo lake ni takriban 0.79. Jibu lisilokuwa kati ya namba hizo mbili lina kosa.

Swali: Kwa nini tusitumie digrii?
Jibu: Mteremko wa sin x huwa cos x pale tu x inapopimwa kwa radiani. Kwa digrii hujitokeza kizidisho π/180, na kanuni ya hatua ya 2 haifai tena kama ilivyoandikwa.

Swali: Na sin²x je?
Jibu: Ibadilishe kwanza iwe ½(1 − cos 2x). Intigrali yake ni x/2 − ¼ sin 2x, na kutoka 0 hadi π eneo ni π/2.